Upepo wa Tairi la Nyuma

Jirani yao, yule wanayemwita Mama Redio kwa kuwa habari hailali tumboni mwake, aliapa viapo vyote kwamba gari la marehemu linapumua. Alikuwa anaanua nguo jioni, giza halijaingia sawasawa, akasikia ng'ambo ya ukuta pumzi ya mtu aliyechoka. Akachungulia. Hakuna mtu. Gari tu, limekaa palepale lilipoachwa, matairi matatu yamesinyaa na moja limesimama.

"Shati la baba watoto nikaliacha kwenye kamba," alisema. "Likiibwa, liibwe."

Watu walicheka. Dereva hakucheka.

Hilo jina alipewa na baba yake tangu alipokuwa anapakatwa kushika usukani, na sasa lilikuwa limempata mwenyewe: kiwanda cha mikate kilikuwa kimempa kazi ya kusambaza. Asipofika na gari kesho asubuhi, kazi anapewa mwingine. Kilichobaki ni matairi. Lakini tairi lile la nyuma, la kushoto, lilimtia ubaridi. Siku aliyofariki, Baba aliyajaza yote upepo kwa pampu ya mguu, akamalizia na hilo, akaliegemea apumzike. Hakuinuka tena.

Fundi wa matairi alikuwa amemuuliza dukani, "Saizi naijua. Niambie njia."

"Nusu lami, nusu udongo unaonata. Halafu kilima."

"Basi, matairi ya lami tupu yatakutelezesha. Na yale ya tope hasa yatanguruma mpaka mikate igeuke unga tena. Chukua ya katikati, yenye meno mapana na mashavu magumu."

Mchana fundi akaja nayo kwa mkokoteni. Akafunga matatu. Alipofika kwenye la nne, mama yake Dereva alitoka jikoni na kigoda chake, akakaa, akaliegemea kwa mgongo.

"Hili liacheni."

"Mama yangu, limepasukapasuka kama kisigino changu," fundi alisema. "Na hili ni kipara. Ukilichanganya na yenye meno, kwenye tope gari litageuka litazame lilikotoka."

Mama hakusogea. Dereva akachuchumaa mbele yake.

"Mama, hiyo pumzi anayoisikia Mama Redio... ni wewe?"

Mama akatazama mikono yake. "Nabonyeza kidogo tu pale pa kujazia, naweka shavu. Upepo unatoka wa baridi, lakini ni wake. Aliutia kwa mguu wake."

"Mara ngapi?"

"Kila jioni."

Dereva akalibonyeza tairi kwa kidole gumba. Gumu kama jiwe. Fundi akachomeka kipimo chake, akakisoma, akakipigapiga kiganjani, akachomeka tena.

"Hili limejazwa leo," alisema, sauti imeshuka. "Nani kalijaza?"

Pampu ya mguu walikuwa wameigawa pamoja na nguo za marehemu.

"Mimi hutoa tu," Mama alisema. "Asubuhi nalikuta limejaa. Mlidhani nimenyamaza bure? Anajaza ili tusikwame. Sasa mnataka kumfukuza."

 Dereva akajiona yuko kwenye kile kilima, mikate nyuma, na hili tairi chini yake. Aliogopa litapasuka. Aliogopa zaidi kwamba halitapasuka.

"Mama, gari ni lako," alisema. "Ukisema libaki, litabaki, nami siendi. Ila siwezi kupanda nalo kule juu. Siwezi."

  Mama akainuka, akajipangusa nguo, akasogeza kigoda pembeni.

Fundi akafungua nati, akalitoa, akalilaza chini taratibu kama anayelaza mgonjwa. Akashika kifaa chake cha kutolea upepo, akapiga goti. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye unayeijua kazi hii. Huu upepo huwezi kuuhamishia kwenye lile jipya? Hata kidogo tu."

Fundi alimtazama Dereva. Dereva aliliviringisha lile jipya mpaka karibu na la zamani.