Jezi ya Kipindi cha Kwanza

…maji ya baridi kwanza, siku zote baridi kwanza, ya moto yanaipika harufu ikang'ang'ania humo humo, baridi, halafu chumvi, halafu sabuni ya kipande, mikono yangu inajua bila kuuliza, koki iko wazi, maji yanagonga beseni, jezi ya mwanangu kipa iko mkononi, namba moja mgongoni, ukosi umelowa kitu ambacho si mvua wala si tope, na ngoma imenyamaza. Nimesimama tu. Labda ni mashine namba tatu inayokoroma imeniziba masikio, hapana, mashine namba tatu nimeizoea kama kikohozi changu mwenyewe, ngoma imenyamaza, ile ngoma ya Segawa kinyozi ambayo tangu saa nane mchana ilikuwa inapiga juu ya dari letu mpaka vibanio vya nguo vinacheza kwenye waya, na ya wageni upande wa pili nayo kimya, na ngoma zote mbili hunyamaza kwa jambo moja tu katika uwanja huu, mchezaji yuko chini na ameshika kichwa. Au hata hajakishika. Nani, wako ishirini na wawili na mwanangu ni mmoja, hesabu hiyo ingetosha kumtuliza mtu yeyote ambaye hajashika jezi hii… "Chinatsu," nasema, "hebu tazama simu yako," na Chinatsu amekaa juu ya kapu la soksi, mdomo umejaa tonge la wali wa mwani, anasema, "Mbona wako vizuri tu mama Tomo, tuna kona sisi, moja moja bado, dakika ya themanini," lakini picha ya simu yake huchelewa nyuma ya mechi, kila siku huchelewa, saruji hii ya jukwaa inanyonya mtandao, linalotokea huko juu hutufikia huku chini likiwa limekwisha kutokea, na kweli ndani ya simu ngoma inapiga, ndogo, kama ya kuchezea watoto, inapiga kwa furaha kabisa, hawajui, watu wa ndani ya simu bado hawajui, na mimi wa nje ya simu nimeshajua nusu. "Mama Tomo, maji yanamwagika," naam, beseni limejaa, yanapita kwenye viatu vyangu, na sifungi koki, nikifunga nitasikia kimya chote.

Sare inatosha. Ndivyo walivyosema wiki nzima, kwa muuza tofu ya soya, kwa daktari wa meno, kwenye basi, sare inatosha kubaki kwenye ligi ya kulipwa, tukifungwa tunashuka na tukishuka mwenye timu anaiunganisha na Kawabe, wale wa ng'ambo ya mto, rangi yao, jina lao, uwanja wao, na sisi tutapewa sentensi moja kwenye historia yao, kwamba palikuwa pia na timu mjini Minasawa. Miaka sitini na saba, sentensi moja. Ilianza kwenye uwanja wa kuanikia vitambaa, kiwanda cha nili, milingoti ya goli ilikuwa ile ile miti ya kutandazia kamba, mama mkwe wangu alikuwa mtia rangi vitambaa na ndiye aliyezichovya jezi za kwanza kwenye mabaki ya pipa, kila moja na buluu yake, na mvua ikinyesha rangi ilichuruzika mpaka kwenye magoti, wageni wakatucheka, miguu ya buluu hao, miguu ya buluu, nasi tukaliokota tusi tukalifanya wimbo, mpaka leo wanaliimba. Halafu ikaja ligi ya kulipwa na lazima timu iwe na jina la kigeni, tukaitwa Velanoa, mtu wa ofisini akasema linatokana na lugha mbili za Ulaya, mzee Hoshiba wa vifaa akasema, "Kwangu mimi linatokana na dawa ya meno," tukacheka humu humu, Yasuhiko mume wangu alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, akacheka pia, dakika mbili baadaye akaniuliza, "Fusae, tumecheka nini?"

Sitaki kumfikiria Yasuhiko. Chumvi iko wapi. Mzee Hoshiba aliileta jezi hii mapumzikoni, hakuitupa kwenye kapu kama zile nyingine, aliiweka juu ya meza, imegeuzwa ndani nje, imekunjwa vizuri kama kitambaa cha zawadi, akasema, "Mama Tomo, hii iwahi," wala hakunitazama, akainama kidogo akatoka. Anajua. Mtu hageuzi jezi ndani nje kwa bahati. Alhamisi nayo ilikuja hivyo hivyo, imegeuzwa, ukosi unanuka nyongo, na aliyeileta siku hiyo alikuwa Tomonari mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na sita amesimama mlangoni kama amevunja bakuli la jirani. "Supu tu hiyo, mama." "Supu gani ina harufu ya nyongo?" "Goti la Takebe, mazoezini, jambo dogo." "Kichwa kinauma?" "Kidogo." Kidogo. Neno lile lile la baba yake, na shingo ameinamisha upande ule ule. "Nenda kwa daktari basi, yuko mlango wa tatu hapo." "Jumapili ikipita. Mama, naomba, Ebisawa wa akiba ana miaka thelathini na tisa na goti lake haliinuki, nikikaa benchi tumekwisha, nitawasumbua watu wote, Jumapili ikipita nitakwenda mwenyewe, naahidi." Na mimi nikafanya nini, nikafungua koki. Baridi, chumvi, sabuni. Nikaianika, ikakauka, nikaipiga pasi, haikuwa na alama hata moja, kazi nzuri, nikaiona nzuri hasa. Daktari Nishiwaki ni binti mwenye akili, anapita kila Ijumaa na karatasi yake, anawauliza, unasikia kichefuchefu, unaona vizuri, umelala, wanasema sijambo, sijambo, naye anaandika sijambo, angefanya nini, yeye anauliza midomo na mimi nauliza nguo, na nguo zilinijibu, na mimi nikazifua.

"Imeganda," anasema Chinatsu, "inazunguka zunguka tu, ah, simu hii, hebu… imerudi, kona imeokolewa, wanakuja wao sasa, wanakuja," na ngoma ndogo inapiga, na juu ya dari hakuna kitu, watu elfu saba na hakuna kitu, mvua tu. Kipigo cha kwanza Alhamisi. Leo mapumzikoni ametapika, maana yake leo kuna kingine, au kile kile hakijaondoka. Na kama ndiye aliye chini sasa hivi basi ni cha tatu, na atafumbua macho, na daktari atapiga magoti kwenye maji amuulize, na atasema sijambo, atanyanyuka, uwanja mzima utapiga makofi. Najua watakavyopiga. Niliwahi kuyasikia. Mwaka wa tisini na moja hapakuwa na jukwaa, ulikuwa uwanja wa changarawe na kamba, Tomo nilikuwa nimembeba mgongoni, ana miaka miwili, ananivuta nywele, na ilikuwa mechi ya kupanda daraja, na Yasuhiko akaruka kuzuia mpira kwenye nguzo, akauzuia, na nguzo nayo ikamzuia, nikaisikia sauti yake kutoka nilipokuwa, kama mtu amefunga mlango wa kabati. Ngoma haikunyamaza siku hiyo. Baba yake Segawa ndiye aliyekuwa anapiga, akapiga kwa nguvu zaidi, amka, amka, miguu ya buluu, amka, na akaamka, wakamfunga bendeji, akadaka dakika ishirini nyingine, tukapanda. Picha ipo. Iko koridoni, kubwa kama mlango, amefungwa bendeji, mikono juu, na chini yake wameandika, Roho ya Minasawa. Naipita kila asubuhi na kapu langu. Hawakupiga picha ya viatu ndani ya jokofu. Hawakupiga picha alipokwenda kazini Jumapili akakaa nje ya geti la kiwanda mpaka jioni kwa kuwa hakutaka kumsumbua mlinzi kumuuliza ni siku gani, wala alipomtazama Tomo akaniambia kwa adabu kabisa, "Huyu mtoto ni mzuri, ni wa nani?" Miaka sita ya hivyo, halafu asubuhi moja hakuamka, na kiwanda, kwa wema wao, na ulikuwa wema, sisemi vinginevyo, walikuwa wameshanipa kazi hii ya kufua.

Msibani mzee Segawa alikuja na mikono mitupu, akapiga magoti mbele ya picha ya marehemu, akasema, "Nilipiga ngoma, mama Tomo, nilipaswa kunyamaza, nikapiga," nikamwambia asijisumbue, ndivyo tunavyoambiana, usijisumbue, si kitu, na tangu hapo, mtu akianguka, ngoma inanyamaza, alimfundisha mwanawe, mwanawe akawafundisha wengine, wageni nao wakaiga, haimo kwenye kitabu cha klabu, haina picha. Na mimi miaka yote nimeichukia hiyo dakika. Kila inaponyamaza nashika kitu chochote kilicho karibu na kungoja ianze tena, ikianza napumua, naendelea kufua, namshukuru Mungu ni mtoto wa mwingine. Hata siku ile kiwanda kilipojitoa kwenye timu na wakataka kutuunganisha na Kawabe mara ya kwanza, watu wakaandika majina yao kwenye kitambaa cha mita arobaini, niliandika jina langu na la Yasuhiko pembeni, marehemu anapinga nani atamzuia, kitambaa kile kipo mpaka leo nyuma ya goli, mimi ndiye ninayekifua kila mwezi wa pili, nakijua kila jina. Nikisema leo, Tomo akitolewa, Ebisawa akiingia na goti lake la bati, wakitufunga, kitambaa kile hakitafuliwa tena, kitakunjwa. Watasema mama yake ndiye. Hawatasema mbele yangu. Watainama kidogo wataniambia hali ya hewa, na muuza tofu atanipa kipande cha ziada, na nitajua. Naogopa hilo, mbona, naliogopa kuliko nilivyodhani, mwanamke wa miaka sitini na tatu anaogopa muuza tofu. "Mama Tomo, krosi," anasema Chinatsu, "krosi inakuja… aa, imeganda tena! Imeganda mpira ukiwa hewani!" Hewani. Tomo yuko wapi kwenye hiyo picha, simuulizi.

Hofu ina ujinga wake, inaniambia ngoja, ngoja simu irudi, ngoja uone ni nani, kama si yeye fua, kama si yeye hakuna aliyejua, dakika tisa zimebaki, Jumapili inakwisha saa kumi. Na kama si yeye? Alhamisi ilikuwepo. Ukosi huu upo. Hata akiwa amesimama huko golini mzima kabisa, anajipangusa mvua, ukosi huu upo mkononi kwangu. Yasuhiko hakuuawa na nguzo, nguzo ilimpiga tu, sisi wengine tulimaliza kazi, kwa bendeji, kwa makofi, kwa kutosumbua watu, mimi niliiosha damu ya jezi ile usiku ule ule kwa maji ya baridi na chumvi, ikatoka yote, jezi ikarudi safi kwenye kabati la kioo, na daktari wa kiwanda kesho yake akaona jezi safi na mtu anayesema sijambo. Miaka thelathini na nne na ndipo naliona, nimesimama kwenye maji mpaka vifundoni. Wamenyamaza huko juu. Elfu saba wamenyamaza, na wale wa upande wa pili wanaotaka tushuke wamenyamaza, na sidhani mzee Segawa aliacha kimya kile ili tuogope vizuri. Alikiacha wazi ili mtu mwenye la kusema asikike.

Nafunga koki. Ni kimya kweli. Jezi imelowa kidogo pembeni tu, ukosi haujaguswa na maji, naikunja upya, si kama Hoshiba, naigeuza, uchafu unakuwa nje. "Hujaifua," anasema Chinatsu. "Siifui." "Itashika harufu, mama Tomo, wewe mwenyewe husema…" "Ishike." "Unakwenda wapi nayo hivyo, watu wataiona." "Ndiyo." Mlango huu ni mzito, husukumwa kwa bega, halafu korido, hatua kumi mpaka kwenye picha, nyingine thelathini mpaka mlango wa uwanjani, daktari ana koti la njano, nitamwona, nitasema ilianza Alhamisi, nitasema leo tena, nitasema mimi ndiye niliyefua. Nimeliweka bega mlangoni, na nyuma yangu simu imerudi, naisikia, ngoma ndogo inapiga, miguu ya buluu, miguu ya buluu, inapiga, inapiga, inakatika. "Mama Tomo," Chinatsu anaita, tonge limemponyoka, sauti si yake, "mama Tomo, rudi uone, rudi uone ni nani…" Sirudi. Juu bado hawajapiga ngoma. Nausukuma mlango, na jezi iko mbele yangu mikononi, chafu.