Kilo Kumi za Msiba

Mwaka ule wa uhaba, foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, Mtaa wa Mchikichi, ilikuwa ndefu hata watu wa mkiani wakawa na lafudhi yao. Kuna mama aliingia foleni mjamzito, akatoka na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe anadai mgawo wake. Asiyeamini shauri yake. Lakini haya ya Blandina hayana chumvi hata punje.

Mumewe Pantaleo, kuli wa bandarini, mtu wa Masasi, alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Nesi Evarista wa kliniki aliwakalisha wote wawili: akichoma, ale. Akitoka jasho la baridi, akitetemeka, akiropoka, ujue sukari imeshuka. Mpe sukari upesi angali anameza. Akishazimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Akamkaririsha Blandina maneno hayo mpaka yakamkaa kama katekisimu.

Kikwazo kilikuwa Mzee Mwinyimvua, balozi wa nyumba kumi, mshika daftari la mgawo. Mtu mwenye huruma. Na kwa huruma hiyohiyo akamkata Pantaleo.

"Shikamoo, Mzee Balozi. Jina la mume wangu silioni."

"Marahaba, mwanangu. Nimelikata mwenyewe. Mgonjwa wa sukari nimpe sukari? Si bora nimpe kamba! Na lako nimekata, usije ukamwonjesha."

"Nesi kasema akae nayo mfukoni, ikishuka..."

"Si ndiyo tunataka ishuke?"

Foleni ikacheka. "Mama, kama umemchoka sema!" akadakia mmoja.

Jumatano ile Pantaleo alichoma sindano alfajiri kama kawaida. Unga ulikuwa umekwisha, wakaenda wote wawili kupanga foleni ya unga palepale dukani, wakitegemea kuwahi kurudi kukoroga uji. Saa nne duka lilikuwa bado limefungwa.

Kwanza Pantaleo alinyamaza. Kisha shati likamlowa chapachapa, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi, mvua imetoka kukatika. Kisha yeye, mtu wa kumwomba nzi radhi kabla ya kumfukuza, akamkwida Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake, na kumwita mwizi.

"Gongo hiyo! Asubuhi yote hii!" foleni ikapokea.

"Si gongo!" Blandina alipiga kelele. "Sukari imeshuka! Jamani, nani ana sukari? Kiganja tu!"

Sabaha, muuza maandazi, akafungua fundo la kanga yake akammiminia sukari kiganjani. Blandina akaipeleka mdomoni kwa mumewe, aliyekuwa bado wima, bado anameza mate.

Balozi akampiga mkono. "Unamwua mbele ya macho yangu?"

Sukari ikamwagika topeni. Blandina akapiga magoti, akaizoa na tope lake. Alipoinua kichwa Pantaleo alikuwa chini, anatupa miguu, macho yamegeuka.

Wakampakia kwenye mkokoteni wa viazi. Barabara ilikuwa imezibwa na malori. Njia nzima Blandina alifumbata lile tope tamu, akijua haruhusiwi tena kumpa. Walipofika, daktari aliinama, akasikiliza kifua, akavuta shuka mpaka juu.

Msiba ulikuwa na kibali chake cha sukari. Mzee Mwinyimvua aliufuatilia mgawo mwenyewe, akauleta begani: kilo kumi.

"Mwanangu," akasema, amekaa ukingoni mwa mkeka, "nilidhani namwokoa."

"Najua, mzee."

Hilo ndilo lililomuuma Blandina. Angekuwa mtu mbaya, angemchukia akapumzika.

Uani maji ya chai yalianza kuchemka. Blandina akaweka mkono juu ya mfuko.

"Mzee Safari, fundi cherehani, naye anachoma sindano. Ulimkata?"

"Nilimkata."

"Mpelekee. Kisha ukae kwake akueleze ni ya nini, nawe urudie mpaka ujue."

"Sasa hivi? Na hawa waombolezaji?"

"Watakunywa hivyohivyo."

Mzee Mwinyimvua akajitwika mfuko, akatoka akaingia matopeni, viatu akaviacha mlangoni.