Mtani Hajalipwa

Jeneza lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani nyuma ya kenta ya Bushiri, na Esta Luvanda alikaa kando yake juu ya gunia, ndoo ya udongo katikati ya miguu. Udongo huo aliuchota mwenyewe alfajiri, kwenye kaburi lililokuwa likimsubiri mumewe, Didas, kule Kilolo. Majirani walimwona akipanda gari na udongo wa kaburi kwenda mjini kuchukua maiti, wakadhani msiba umemchanganya. Haukumchanganya.

Walipofika njia panda ya Ipogolo, polisi aliinua mkono.

"Kaeni pembeni! Jeshi linapita."

"Na sisi tunapita," alisema Bushiri. "Marehemu hana haraka, lakini petroli ni yangu."

Jeshi lenyewe ni la Shirikisho. Tangu zile nchi tatu zilipoungana miaka ya sitini zikawa nchi moja, mtoto wa Kilolo anaweza kufia Turkana akilinda mchanga usioota hata mchicha, na redio ikasema huo ndio ukubwa. Liberatus, mtoto wa kwanza wa Esta, alichukuliwa kwa ahadi: miaka miwili kaskazini, kisha nyumbani. Miwili ikaisha, wa tatu ukaisha. Sasa vita vimezuka kusini pia, Ziwa Nyasa, na kikosi chake kinahamishwa bila kupumzika, kutoka jangwani hadi Mbeya, kutoka Mbeya hadi ziwani.

Esta alikwenda kambini kumwombea saa moja tu, amzike baba yake. Kwao udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza. Wakamjibu kwamba askari aliye safarini hakanyagi mkoa wake. Ndiyo maana malori hufungwa maturubai yakiingia Iringa. Safari za mwanzo hayakufungwa. Vijana waliona milima yao, wakaruka.

Lori la kwanza lilitokea likishuka kutoka mjini. Esta akageuka akamtazama Happy.

Happy Mbano ni Mngoni, muuza nyanya wa hapo njia panda, na mtani wa marehemu. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, wakabaki kutaniana, na msibani neno la mtani halipingwi. Happy alifunga kanga kiunoni, akaliacha tenga lake la nyanya, akapiga ubavu wa kenta.

"Mshusheni huyu!"

Wanaume wa pale njia panda waliikata kamba. Jeneza likawekwa juu ya lami, katikati ya barabara, na Happy akalikalia.

"Didas! Leo mbwa wa Kilolo wote wamelala usingizi, mlaji wao kafa!" Watu wakacheka. Hata Esta alicheka, machozi yakimtoka. "Ila huendi popote. Utazikwaje bila mwanao, wewe ni kuku? Hapiti mtu hapa!"

"Mama, toka," alisema polisi, bila nguvu.

"Mtani hatoki mpaka alipwe. Na leo sitaki shilingi. Namtaka kijana."

Polisi alikuwa mtu wa Iringa. Akatazama viatu vyake.

Lori likasimama, na yaliyofuata yakasimama nyuma yake. Kapteni akateremka, kijana mwenye umri wa Liberatus. Hakumwamkia mtu.

"Nini hiki?"

"Mila, afande," alisema polisi.

"Mila ikae nje ya barabara."

"Barabara ndiyo iliyoikuta mila hapa, mwanangu," alisema Esta. "Liberatus Luvanda yumo humu. Atupe udongo, kisha mwende naye kwenye vita vyenu."

"Humu hakuna Liberatus. Kuna namba."

"Basi iite hiyo namba. Mimi nilimzaa kabla hamjamwandika."

Kapteni aligeuka kwenda kuzungumza na dereva. Esta akachukua ndoo, akatembea kando ya malori, akapaza sauti.

"Wanangu! Nani humu hajazika mtu wake?"

 Mkono ukachomoza chini ya turubai, kiganja juu.

"Mama yangu, Kigoma," sauti ilisema. "Sikupewa ruhusa."

Esta akauwekea udongo. Mkono wa pili ukatoka. Kwenye lori la nyuma ikatoka mingine, myeusi, mikavu, mmoja una vidole vitatu. Kila mkono ulifumba, ukatupa. Udongo wa kaburi la Didas ukawa unadondoka barabarani kwa ajili ya watu ambao Esta hatawajua.

"Liberatus yuko la mwisho, mama," mmoja alinong'ona. "Waliokataa kwenda Nyasa wako huko. Wamefungwa."

Esta alikimbia. Nyuma yake kapteni alipiga filimbi, na malori yakaanza kulizunguka jeneza, tairi zikishuka kwenye vumbi, juu ya tenga la nyanya la Happy na matenga ya wenzake. Bushiri alitukana matusi ambayo hajawahi kuyatumia msikitini wala sokoni.

Turubai la lori la mwisho lilishonwa kwa waya. Hapakuwa na upenyo hata wa kidole. Esta alilipiga kwa kofi.

"Liberatus!"

Ndani, kitu kizito kikapiga bati. Kikapiga tena. "Mama! Msimzike! Msimzike bado!"

Lori likaondoka. Esta alikwangua chini ya ndoo, akakimbia nalo sambamba, akalibandika turubai udongo uliobaki, akausukuma kwa nguvu kama anayekandika ukuta. Likampita. Alama ya kiganja chake, nyekundu, ikaenda nalo upande wa Mbeya.

Aliporudi, lami ilikuwa imelowa nyanya. Foleni ya mabasi ilikuwa ndefu. Happy alikuwa bado juu ya jeneza.

"Amekuja?"

"Hajaja. Amesema tusimzike."

"Basi sijalipwa," alisema Happy, akasogea kumpa nafasi.

Juu, kwenye kona za mjini, msafara mwingine ulikuwa unashuka, maturubai yamefungwa. Esta alikaa, akaiweka ndoo tupu magotini. Polisi akawatazama, akavua kofia, akaenda kusimama kivulini.