Bi Najat Asiyejua Kusuka

Kama kuna kazi ngumu duniani, basi ni kusuka vibaya kwa makusudi. Bi Najat wa Mbagala aligundua hilo wiki ya kwanza tu ya mafunzo, jasho likimchuruzika. Mtu kazaliwa Rufiji, kasuka ukili wa mikeka tangu utotoni, na mikeka aliyoshona ingetandikwa ingefunika mtaa mzima!

Lakini mradi uliotoa mafunzo hayo ulitaka watu wasiojua kabisa, maana ripoti lazima ionyeshe kuna mtu kafundishwa. Atakayefuzu angerudishwa kijijini kwao, apewe banda, miyaa ya kusukia na mnunuzi wa uhakika. Bi Najat alikuwa amechoka kula ugali wa mkwewe huku kainamisha kichwa. Alitaka kurudi kwao, tena arudi na kazi yake. Basi akajiandikisha, akasema hajui hata miyaa inaota wapi.

Mwalimu wao alikuwa Jesca, binti mpole wa Tabata mwenye kucha ndefu. Alisuka miyaa mikavu bila kuilowesha, ikawa inakatika ovyo, naye akalisingizia jua. Bi Najat akauma ulimi, akaendelea kupeleka ukili wake upogo.

Siku ya mtihani akaja meneja wa mradi, Augustine, akavuta kiti karibu na Bi Najat.

"Shikamoo, mama. Unakaa na nani hapa mjini?"

Laiti asingeuliza.

"Marahaba, baba. Si kwa mkwe! Mwanamume mzima anahesabu vipande vya nyama chunguni! Juzi kaficha rimoti, eti mie naangaliaga tamthilia mpaka luku inakata umeme. Nikamwambia, wewe, binti yangu ulimkuta jalalani?"

Aliongea kwa uchungu wa kweli, na alipofika kwenye habari za mawifi wa binti yake akashtukia darasa zima linamkodolea mikono. Akatazama mapajani. Mikono ilikuwa imejisukia yenyewe: ukili mrefu kuliko mkono, umenyooka, kingo safi.

Banda ndio hilo linakwenda.

"Mama," Augustine akasema polepole, "haya umejifunza wapi?"

"Wapi tena, baba? Kwa mwalimu huyu hapa. Wiki mbili tu! Huyu mtoto ana kipaji cha kufundisha, wacha!"

Augustine alifurahi hata akapiga makofi peke yake. Hapohapo akatangaza kwamba Bi Najat amefuzu, anakwenda kijijini, na kwamba mwalimu hodari namna hii hafai kupotezwa mjini. Wataongozana, akafundishe huko mwaka mzima.

Bi Najat alitamani kupiga kigelegele. Jesca akamsogelea, uso umemshuka.

"Bi Najat," akanong'ona, "mie kusuka sijui. Niliangalia video tu kwenye simu."

"Najua, mwanangu. Kata hizo kucha, tuanze."