Tenti Moja na Mama Mkwe

Wandera alijua fika kwamba mke wake alitaka tenti mbili ndogo. Vera alikuwa amemweleza asubuhi huku akimnyonyesha mtoto, tena kwa ile sauti yake ya chini inayotisha kuliko kelele: moja ya wanaume, moja ya mama. Kwao Busia, mkwe na mama mkwe hawaketi chini ya kivuli kimoja wala hawashikani mikono. Na mama mwenyewe, Nabangala, alikuwa akitumia dawa zisizopatana na jua. Sherehe ya ubatizo ikiharibika, angepanda basi arudi kijijini, aiache kliniki ya hapa Nsambya na chumba cha pembeni walichomtayarishia. Huko kijijini hakukuwa na wa kumtibu.

Haya, bwana mkubwa akafika dukani Nakasero, akaona tenti kubwa ya bluu, akili ikamruka. Muuzaji, Nasif, alivuta miguu ya tenti tu, paa likafunguka kabla hujameza mate. Wandera akajiona tayari amekaa katikati yake, wageni wakimsifu. Ile habari ya mama mkwe akaitupa kisogoni. Mila za Busia, alijiambia, ziliishia mpakani. Wangapi hapa Kampala wanakula meza moja na mama wakwe zao?

"Mzee, hii iko muzuri, lakini upepo ya hapa usicheze nayo," Nasif alimwambia. "Chukua na mifuko ya mchanga, unafunga kwa miguu."

Wandera akasema mifuko ni ya waoga. Akaifunga tenti kwenye bodaboda, akaenda zake.

Jumapili, Nabangala aliingia uani, akaona kiti chake na cha mkwewe chini ya paa moja, akasimama. Alikibeba kiti chake mwenyewe, akakiweka juani, akajitanda leso kichwani na kuketi akiwapa mgongo. Wageni wakaanza kuzichunguza soda zao. Vera alimtazama mumewe mara moja tu, na Wandera akatamani ardhi immeze. Jasho lilikuwa likimtiririka mama, naye ameanza kuyumba kitini.

Wandera aliogopa. Sasa ndipo alipoelewa kwamba yule mama alikuwa radhi kuanguka kuliko kumvunjia heshima mkwewe. Heshima yenyewe ilikuwa ya Wandera, na yeye ndiye aliyeichezea.

Akainuka, akachukua kiti, koti na soda yake, akaenda kusimama juani kando ya kamba ya nguo. Mtoto ni wake, sherehe ni yake, naye yuko nje kama mtu ambaye hakualikwa. Nabangala akangoja kidogo, kisha akaingia kivulini taratibu, Vera akimshika mkono.

Katekista alipoanza sala, upepo ukavuma kutoka upande wa ziwa. Paa likavimba. Miguu ikainuka, na tenti nzima ikaanza kumwinamia mama. Wanaume wakadaka miguu mitatu. Wa nne, ule ulio karibu na kiti cha mama, ulibaki ukicheza hewani, na wa karibu alikuwa Wandera peke yake. Aliruka, akageuza uso, akaudaka kwa mikono miwili akiwa nje, mgongo kwa mama mkwe, paa likimvuta kama ng'ombe mkaidi. Jua likamchoma shingo. Viganja vikachubuka. Sala nayo ikawa ndefu, maana yule katekista hajui kufupisha. Wandera hakuachia.

Nyuma yake alimsikia mama akikohoa. Akajua sasa ataulizia basi.

"Vera," mama alisema, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka mabega ya mtu, "muulize huyo anayeshika tenti: kile chumba cha pembeni kina mlango wake wa kutokea nje?"

Hakikuwa nao. Kilifungukia sebuleni.

"Mwambie mama mlango utakuwepo kesho," Wandera aliujibu ukuta wa jirani, kwa furaha na kwa hofu pia, maana nyumba ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba alikuwa ameketi pale pale kivulini, amefumba macho, anasali.