Bei ya Likizo

Mtoto alikuwa ameharisha tena. Anastazia alimshika kwapani kwa mkono mmoja juu ya mfereji wa uani, huku kwa mkono wa pili akimmiminia maji kwa kopo. Uchafu wenye rangi ya uji uliteremka polepole, kwa sababu mfereji wenyewe ulikuwa umeziba. Nzi hawakumngoja amalize. Nyuma yake, ndani ya chumba kimoja alichopanga, watoto walikuwa wengi kuliko mikeka. Wakubwa walikalia ndoo zilizopinduliwa, wadogo walilala sakafuni wametota jasho, na mmoja alikuwa amesimama pembeni analamba chokaa ya ukuta. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na bati lilikuwa linachoma.

Akasikia mtu anasema shikamoo.

Aliitikia bila kugeuka, akidhani ni mzazi amewahi kuja. Alipogeuka alimwona kijana wa shati jeupe amesimama uani, leso puani, kitambulisho kimening'inia kifuani. Hodi hakupiga. Alijitambulisha kuwa anaitwa Edgar, afisa ustawi wa jamii, mgeni katika kata, na kwamba amepita tu kujionea. Akaingia. Alisukuma mlango wa choo kwa ncha ya kiatu, akachungulia, akauachia. Alifunua sufuria ya uji akaunusa. Kisha akasimama katikati ya chumba akawahesabu watoto kwa kuwanyooshea kalamu, mmoja mmoja, kama mtu anayenunua mbuzi mnadani.

"Mama, unajua kwamba hiki ni kituo bubu, hakijasajiliwa?"

Anastazia alisema si kituo, ni nyumbani kwake.

"Nyumbani kwako, na unalipisha?"

Alikuwa analipisha, ndiyo. Alianza miaka michache nyuma, Zabron mumewe alipofariki na ndugu wa marehemu wakaja kubeba kitanda na baiskeli kwa kuwa ndivyo desturi yao. Mwanawe Noa alikuwa Dar es Salaam na hakuwa na cha kuleta. Anastazia alizaliwa kambini, katika shamba la mkonge upande wa Muheza, mtoto wa mkata mkonge, na kitu pekee alichojua kufanya ni kazi. Majirani zake walikuwa wanawake wa kibarua: wasokota kamba kiwandani, wafagia wodi, wauza maandazi wa soko la Ngamiani. Shule kwao ilikuwa mahali pa kusoma, lakini kwanza ilikuwa mahali pa kumwacha mtoto hadi jioni. Shule ikifungwa, kiwanda hakifungwi. Basi wakawa wanamletea watoto kila likizo, na yeye akawa anatoza kidogo, kiasi cha unga, mkaa, na kinachobakia cha kodi ya chumba.

Edgar alimweleza kinachotakiwa: uzio, kifaa cha kuzimia moto, vyoo vya watoto peke yao, mlezi mwenye cheti. Alisema kwa upole, na kila alilolisema lilikuwa kweli. Choo kilinuka. Watoto walibanana. Anastazia alibaki amemshika yule mtoto aliyelowa, maji yanamtiririka kwenye khanga.

Ndipo kijana yule akavuta ndoo, akaketi, akashusha sauti.

"Mimi sipendi kumfungia mama mtu mzima kama wewe. Tatizo lako ni bei. Bei ndogo inakuletea watoto wengi, watoto wengi wanaleta uchafu, uchafu unaniletea mimi maswali. Pandisha bei. Watapungua wenyewe."

Alimtajia bei mpya. Ilikuwa zaidi ya mara mbili. Nusu ya ile nyongeza, akasema, itakuwa ada ya uangalizi, Anastazia atamtumia kwa simu kila Ijumaa kwa idadi ya vichwa, na vichwa ameshaviona. Yeye kwa upande wake atahakikisha hapatokei usumbufu mpaka shule zifunguliwe. Alimtajia namba. Anastazia alipoijaribu, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, Precious fulani. Hakuuliza ni nani.

Wakati wa kuondoka Edgar aliokota andazi kwenye sinia la watoto, akaling'ata, akatafuna taratibu huku anatazama dari. Halikumpendeza. Alilirudisha palepale siniani, alama za meno zikiwa bado zina mate, akaaga kwa heshima. Mtoto mmoja aliliwahi kabla mlango haujafungwa. Anastazia alimwona anavyolimeza.

*

Jumatatu alfajiri Kijakazi alikuja wa kwanza, kama kawaida yake. Alifanya kibarua kiwanda cha kamba, na kule lango likishafungwa aliyechelewa hurudi kwake mikono mitupu. Watoto wake walikuwa wawili: Mwanaidi, aliyekuwa darasa la tatu, na Rahimu wa darasa la awali, mtoto mwenye mwendo wa kukimbia hata pasipo na haja. Baba yao alikwenda Mombasa kutafuta, na huko akapotelea.

Anastazia alimwambia palepale mlangoni. Kijakazi alisikiliza akiwa ameinamisha macho.

"Kwa bei hiyo, Mama Noa, mie nitakuwa nakwenda kiwandani kukufanyia kazi wewe."

"Si mimi, mwanangu. Ni serikali."

"Serikali ndiyo inayowapikia uji?"

Kijakazi akabadili sauti. Aliomba amwachie bei ya zamani likizo hii tu, na Jumapili atakuja kumfulia na kumsugulia choo. Kama wawili ni wengi, basi amshikie Rahimu peke yake. Lakini fedha aliyokuwa akilipia wote wawili sasa haikutosha hata mmoja. Anastazia alitaka kukubali. Neno lilifika kabisa mdomoni. Kisha akakumbuka ile kalamu ikipita juu ya vichwa. Kila kichwa kitakachobaki humu kina fedha yake Ijumaa, na akimwachia mmoja, hadi adhuhuri mtaa mzima utakuwa mlangoni kuomba. Alisema haiwezekani.

Rahimu alikuwa ameshaingia ndani na kupata mahali mkekani. Mama yake ilibidi avue viatu, awaruke waliolala, amtoe kwa mkono. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka.

Siku ile Kijakazi alikosa kibarua. Alizunguka kutafuta mlezi mwingine, hadi upande wa Chumbageni. Walezi wengine walikuwepo, tena mmoja alikuwa na vyumba viwili, lakini Edgar alikuwa ameshawapitia, na bei ilikuwa ileile.

Mambo yakaenda kama kijana yule alivyosema. Watoto walipungua, mikeka ikatosha, choo kikashika adabu. Ijumaa Anastazia alituma fedha, na alipomaliza kutuma aliona kwamba hata yeye amebakiwa na kitu zaidi ya zamani. Alikwenda Ngamiani akanunua nyama, akaipika jioni watoto walipokwisha ondoka, akaila peke yake amegeukia ukuta. Nyama ilikuwa tamu. Alilamba vidole. Baadaye alinawa mikono kwa sabuni, akanusa, akanawa tena.

*

Mvua ilinyesha juma lililofuata, mvua ya kutwa, barabara ikawa matope meusi yenye mifuko ya plastiki na kinyesi cha kuku. Asubuhi Kijakazi aliwafungia watoto ndani kwa kufuli, kama alivyokuwa akifanya tangu ile Jumatatu, akamkabidhi Mwanaidi unga na maji na kumwambia wasimwitikie mtu. Siku nyingine jiko la mkaa lilibaki nje kwa jirani, naye jirani ndiye aliyewapikia na kuwapitishia uji dirishani. Siku ile kwa ajili ya mvua liliingizwa ndani. Dirisha lilikuwa limepigwa mbao kuzuia wezi, na Mwanaidi, akiona maji yanapenya, alizibia nafasi zilizobaki kwa khanga ya mama yake.

Jirani aliyepita mchana alisikia kitu kinakwaruza mlango kwa chini. Walipovunja kufuli walimkuta Mwanaidi amelala kifudifudi, mdomo kwenye ufa wa kizingiti, anapumua kama mbwa. Rahimu alikuwa kitandani, amefunikwa vizuri shuka. Dada yake alikuwa amemfunika kwa sababu mdogo wake alisema kichwa kinamuuma na anataka kulala. Uji ulikuwa umeungulia sufuriani, na mkaa bado mwekundu.

Anastazia alikwenda msibani akaketi na wanawake. Hakuna aliyemtupia neno. Walimsogezea mkeka, wakampa chai. Kijakazi alipomwona alimpa mkono kama alivyowapa wengine wote, na mkono wenyewe ulikuwa mkavu na wa baridi. Baada ya maziko, kabla hata matanga hayajaanuliwa, gari la polisi lilikuja kumchukua Kijakazi. Kosa lake lilikuwa kumfungia mtoto chini ya umri na kusababisha kifo kwa uzembe. Alivaa baibui, akafunga mlango, akakumbuka kwamba hauna kufuli tena, akauacha.

Juma lile Anastazia alimsikia Edgar redioni. Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kupimwa. Alisema inasikitisha sana kwamba bado wako wazazi wanaofungia watoto majumbani kama mifugo, ilhali walezi wanaoaminika wapo katika kila mtaa. Alisema serikali haitavumilia. Anastazia alikuwa anamlisha mtoto. Kijiko kikasimama hewani, mtoto akaachama akingoja.

Siku mbili tatu baadaye Edgar alimleta Mwanaidi kwa pikipiki. Akaamkia, akaeleza kwamba mtoto hana ndugu wa karibu, hivyo imeagizwa akae mahali salama mpaka kesi ya mama yake ijulikane.

"Nani atamlisha?" Anastazia aliuliza.

"Mama yake akitoka atalipa. Siku zote zinahesabika, kwa bei ya sasa. Mtoto asiondoke hapa bila mimi, umenielewa mama?"

"Na fedha ya Ijumaa? Na yeye ni kichwa?"

Edgar alifikiri, tena alifikiri kweli, akikuna kidevu.

"Na yeye ni kichwa," alisema.

Mwanaidi hakulia. Uji alikataa, aliletewa kikombe akautazama, akatapika bila ya kuuonja. Akawa anaishi kwa mihogo na maji. Siku ya kwanza alikaa pembeni. Siku ya pili Anastazia, mikono ikiwa imejaa, alimwomba amfute mmoja makamasi. Akamfuta. Akamwomba aoshe vikombe. Akaosha. Kabla ya juma kwisha alikuwa anaamka kabla ya mlezi wake, anafagia uani, anasafisha wadogo juu ya mfereji, na Anastazia alikuwa ameacha kumwomba.

*

Januari, shule zikiwa zinakaribia kufunguliwa, Kijakazi alipata dhamana. Alikuja mchana akitokea huko huko rumande, na harufu ya huko ikaja naye: mkojo, chawa, jasho la watu wengi. Alisimama mbele ya mlango, mifupa ya shingo imetoka.

"Nimemfuata mwanangu."

Anastazia alimwambia asubiri, akapiga simu. Edgar alikuwa kwenye semina ya ulinzi wa mtoto, katika hoteli moja ya pwani. Vijiko viligonga sahani nyuma yake, na alisema huku anatafuna.

"Umemtoa?"

"Bado."

"Usimtoe. Mpaka nije nisaini. Gharama amekuja nazo?"

"Ametoka rumande, baba."

"Basi akae asubiri. Mimi leo sitoki huku. Hata kesho, tutaona."

Anastazia alirudi mlangoni. Hakujua atasimama vipi. Mwishowe alisimama kwa kuegemea fremu, mkono mmoja upande huu, mkono mmoja upande ule, mlango ukawa umejaa. Akaeleza. Alisikia sauti yake inasema utaratibu, inasema saini.

Kijakazi hakusukuma. Aliketi barazani, akanyoosha miguu, akaegemeza kichwa ukutani. Kupitia chini ya mkono wa Anastazia aliweza kuona kipande cha uani: ndoo, vikombe vya plastiki, mgongo mdogo ulioinama. Aliita jina la mwanawe mara moja, si kwa nguvu. Mgongo ule ulisimama kidogo. Kisha vikombe vikaendelea kugongana.

Jua liliteremka. Kina mama wa kibarua wakaanza kufika, mmoja mmoja, wamechoka, nyuzi za kamba zimewakaa nyweleni. Walimwona Kijakazi, wakampa pole kwa sauti ya chini, wakaivuka miguu yake. Anastazia alikuwa anawatoa watoto kwa kuwapenyeza chini ya mkono wake na kupokea fedha kwa mkono mwingine.

Nafasi ilipopatikana, Kijakazi alisema, macho yake yakiwa bado kwenye kile kipande cha uani:

"Mama Noa. Nikiingia nikakaa naye humo ndani, mpaka huyo bwana aje. Mie mwenyewe. Nitalipa bei ya mtoto?"

Halikuwa swali la kejeli. Alikuwa amefungua fundo la leso, anatazama kilichomo.

Anastazia alifumba macho. Kichwani mwake, bila ya kutaka, kalamu ilikuwa imeanza kuhesabu, kichwa hiki, kichwa kile, na Ijumaa ilikuwa kesho. Alipofumbua, mama mwingine alikuwa ameshafika, amesimama juu ya Kijakazi, amenyoosha noti. Mtoto wake akapenyezwa. Anastazia akapokea noti, akaikunja, akaitia kifuani, na Kijakazi alikuwa bado amekaa na leso yake wazi, anangoja atajiwe bei.