Rede ya Darasa la Nne

Jumanne ya wiki ya pili ya muhula, Mwalimu Kajetani alifika shuleni Mfaranyaki akiwa na mpira wa matambara kwapani na kadi za maneno alizozikata kutoka kwenye boksi za sabuni. Alikuwa ametoka chuoni mwaka huohuo. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, meza na imani yake, na imani ndiyo iliyochukua nafasi kubwa.

Darasa la nne lilikuwa na watoto zaidi ya mia na madawati machache. Waliokosa dawati walikaa sakafuni na kuandikia mapajani. Kajetani aliwatoa wote uwanjani wakacheze rede. Mchezo huo kila msichana wa Songea anaujua: wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kajetani aliongeza sheria moja tu. Kabla ya kushika mchanga, wa katikati asome neno lililo kwenye kadi.

Wa kwanza kusoma alikuwa Mwanahawa, msichana mkubwa aliyekuwa akirudia darasa hilo. Ndani ya darasa hakuna aliyewahi kumsikia akisoma. Uwanjani alisoma "kibatari", akacheka, akapanda hewani hadi usawa wa dirisha na kubaki hapo. Mpira ulipita chini ya nyayo zake.

"Mwalimu, anaiba huyo!" warushaji walilalamika. "Anakwepea juu!"

"Kwani sheria imekataza?" Mwanahawa aliuliza kutoka huko juu.

Kajetani alifikiri, akaona haikukataza. Hadi kengele ya uji, nusu ya darasa walikuwa hewani. Chuoni walikuwa wamefundishwa mengi kuhusu michezo, lakini hakuna mkufunzi aliyegusia urefu wa dari.

Mwalimu mkuu, Mama Kunegunda, alitoka ofisini na kikombe chake, akatazama juu kwa muda.

"Mwalimu Kajetani, kuanzia kesho wasichana wavae bukta ndani," alisema, akarudi kwenye chai.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Mtoto aliyesoma akifurahi alielea, hata ndani ya darasa. Aliyeambiwa anakili ubaoni kimya kimya alishuka polepole kama vumbi. Kajetani aliwaambia wapangaji wenzake kwamba anabadilisha elimu ya nchi. Walimwomba abadilishe kwanza balbu ya uani.

Baba yake Mwanahawa, Mzee Daimu, alikuwa mtu wa Tunduru aliyeacha korosho akaja kuuza mitumba sokoni Songea. Siku moja alipita shuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimemwona binti yangu juu ya paa, alhamdulillahi. Sasa niambie, atavuka kwenda la tano?"

"Anasoma vizuri sana, mzee wangu."

"Sijauliza hilo. Akirudia tena, wenzake watamwita shangazi. Na shangazi yake halisi, yule wa Lusewa, anataka mtu wa kumsaidia kazi za tumbaku. Asipovuka, nampeleka."

"Atavuka," alisema Kajetani. Aliahidi kwa sababu alikuwa kijana, na kuahidi hakukuhitaji vifaa.

Mkaguzi, Bwana Otto, alipokuja alitembea kati ya madawati matupu, kofia mkononi ili isigongane na miguu ya watoto.

"Kijana, umetatua tatizo lililotushinda sisi miaka yote," alisema mbele ya walimu wote.

Kajetani aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi. Kesho yake lori lilikuja kuchukua madawati, kwa kuwa hayakuwa na watu. Yalikwenda kwenye shule mpya ya kulipia, ambako watoto walivaa soksi na kufundishwa kwa Kiingereza. Dereva aliomba msaada wa kupakia. Kajetani alishika upande mmoja wa kila dawati, bado anatabasamu. Machache yaliyovunjika miguu ndiyo yaliyobaki.

Mtihani wa darasa la nne ulipokaribia, ilikumbukwa kwamba namba ya mtahiniwa hubandikwa kwenye dawati. Mama Kunegunda aligongomea misumari madawati yaliyobaki, kisha akachagua watoto wa kuyatosha: wale walioweza kusoma wakiwa wamekaa. Mwanahawa hakuwemo.

Asubuhi ya mtihani Kajetani alipita mtaani na meza yake kichwani. Msimamizi, Mwalimu Adela kutoka shule nyingine, alimsimamisha mlangoni.

"Hii ni meza, mdogo wangu."

"Ndiyo, dada. Mtoto ataandikia hapa."

"Mimi nimeambiwa dawati."

Mwanahawa hakusubiri waelewane. Alichukua karatasi ya ziada, akasoma swali la kwanza, likamchekesha, akapanda. Aliegemeza karatasi kwenye boriti akajibu maswali yote, kisha akaiteremsha kwa adabu, kwa mikono miwili. Adela aliisoma na kusema majibu ni mazuri. Halafu akaandika kwamba Mwanahawa Daimu ni mtoro.

"Mtoro? Si ulimwona mwenyewe?"

"Nilimwona. Hata mwandiko wake nimeupenda. Lakini mimi naandika waliokaa."

Kajetani alikwenda kwa Bwana Otto kulalamika. Bwana Otto alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia soda, akamwomba aendeshe semina kwa walimu wa wilaya nzima. Kajetani alikubali, akiamini kwamba huko ndiko atakakosema ukweli. Aliusema. Alieleza habari za madawati, za lori, na za mtoto aliyejibu yote akaitwa mtoro. Walimu walimpigia makofi. Kisha wakauliza mpira ule hufungwa kwa kamba gani.

Mwanahawa yuko Lusewa. Shangazi yake anamsifu kila anapokutana na watu kisimani. Shangazi mwenyewe hakusoma, lakini amegundua kwamba gazeti la michezo hupandisha zaidi kuliko la siasa. Humpa binti kipande kilichofungiwa sukari, husubiri acheke, kisha humpitishia fito za tumbaku azitundike juu kabisa ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku, karibu na nyasi za paa. Ngazi wameiuza.